Ijue pembe kabla hujachora tao

NENO pembe lina mambo. Ng'ombe ana pembe, chumba kina pembe nne, na kule Mombasa katika barabara ya Moi Avenue ziko Pembe za Ndovu ambazo mgeni haoni raha kuondoka mjini kabla hajapigwa picha chini yake. Lakini pembe inayotukutanisha leo, msomaji mpendwa, ni ile ya hisabati: ufa ulioko kati ya mistari miwili inayoanzia mahali pamoja. Ndiyo ile uliyoipima darasani kwa kipimapembe cha plastiki, na yamkini ukadhani kwamba ukishafanya mtihani wa mwisho mtakuwa mmeagana.

Kumbe hamjaagana. Keti leo mbele ya kompyuta ujaribu kuchora nembo ya kikundi chenu cha akina mama, kadi ya harusi yenye tao la maua, au geti la nyumba lenye mgongo wa mviringo. Programu itakuuliza maswali mawili mafupi: tao lianzie pembe gani, na liishie pembe gani? Utajaza 0 na 90 kwa kubahatisha. Kitakachotokea kwenye skrini huenda kikakuacha mdomo wazi. Tao limegeukia chini, au limezunguka duara karibu lote, au halionekani kabisa.

Wengi hukimbilia kusema kompyuta ni mbovu, au kwamba wao hawakuzaliwa na kipawa cha kuchora. Si kweli. Kompyuta imefanya ulichoiambia, ila lugha yake ya pembe haikuwa ile uliyokuwa nayo akilini. Ukiijua lugha hiyo, kazi ambayo ingekula siku nzima itakuchukua dakika chache.

Na hili si jambo la mchezo. Fundi wa jua kali akiletewa mchoro hakati chuma kwa kutazama uzuri wa picha. Hukata kwa kufuata vipimo vilivyoandikwa. Pembe ikikosewa kwenye karatasi, chuma kitakatwa vibaya, na chuma kikishakatwa hakirudi dukani.

Tao ni nini hasa?

Kumbuka bikari, kile chombo cha miguu miwili kilichokuwa katika mkebe wako wa hisabati. Mguu wenye ncha hukita mahali pamoja, na mguu wenye penseli huzunguka. Pale ulipokita ncha ndipo kitovu. Umbali kutoka kwenye ncha hadi kwenye penseli ni nusu kipenyo. Ukizungusha penseli hadi irudi ilikoanza umepata duara, lakini ukisimama njiani umepata tao.

Kwa hivyo tao ni kipande cha mzingo wa duara. Ili mtu aliye mbali achore tao sawasawa na lako, ni lazima umweleze mambo manne: kitovu kiko wapi, nusu kipenyo ni urefu gani, penseli ianzie pembe gani, na isimamie pembe gani. Kisha kuna jambo la tano ambalo watu wengi hulisahau, nalo ni upande ambao penseli itazungukia. Hapa ndipo mambo huharibika.

Sifuri iko wapi?

Duara lina digrii 360. Desturi hii inahusishwa na Wababeli wa kale, ambao walihesabu kwa makundi ya 60. Lakini duara halina mwanzo wala mwisho, hivyo ni lazima watu wakubaliane mahali pa kuanzia kuhesabu.

Tazama saa ya ukutani hapo nyumbani. Mabaharia na wapimaji wa mashamba huweka sifuri juu, penye tarakimu ya 12, kwa sababu huko ndiko kaskazini kwenye ramani. Halafu huhesabu kufuata mshale wa saa: mashariki ni 90, kusini ni 180 na magharibi ni 270. Wanahisabati nao huweka sifuri upande wa kulia, penye tarakimu ya 3, na huhesabu kinyume cha mshale wa saa. Kwao juu ni 90, kushoto ni 180 na chini ni 270.

Hapo jihadhari kidogo. Vitabu vingi vya Kiingereza husema kwamba pembe huanzia "saa tatu." Wewe na mimi tunaosema Kiswahili tunajua kwamba mshale mfupi ukielekea kwenye 3 saa yetu ni tisa, na saa yetu ya tatu mshale huwa kwenye 9, upande wa kushoto kabisa! Mwanafunzi anayetafsiri harakaharaka ataanza kuchora upande usiofaa. Kwa hivyo usifuate jina la saa. Fuata tarakimu iliyoandikwa kwenye uso wa saa.

Programu za kuchora nazo hazikukubaliana. AutoCAD, ambayo kampuni ya Autodesk ilianza kuiuza mwaka wa 1982 na ambayo bado hutumiwa sana na wasanifu majengo na wahandisi, hufuata wanahisabati: sifuri kulia, na kuzunguka kinyume cha saa, isipokuwa uibadilishe mwenyewe. Programu ya Excel inapokuchorea duara lililogawanywa vipande ili kuonyesha, kwa mfano, matumizi ya pesa za nyumba, huanza juu penye 12 na kufuata mshale wa saa. Mtu aliyezoea moja akihamia nyingine lazima apotee.

Skrini inayosoma kutoka juu

Kuna sababu nyingine ya mkanganyiko. Katika daftari la hisabati, namba za mstari wa wima huongezeka ukipanda juu. Katika skrini ya kompyuta, aghalabu namba hizo huongezeka ukishuka chini. Usishangae. Skrini za zamani zilichora picha mstari baada ya mstari kuanzia juu, kama vile wewe unavyosoma gazeti hili, na desturi hiyo ikabaki.

Ukigeuza mstari wa wima, mzunguko nao hugeuka. Pembe iliyokuwa ikipanda kinyume cha saa sasa hushuka kufuata saa. Digrii 90 ambayo daftarini ilikuwa juu, kwenye skrini inakuwa chini. Inkscape, programu ya kuchora isiyolipiwa iliyoanza mwaka wa 2003, ilihamia mpango huu wa kushuka chini katika toleo lake la 1.0 la mwaka wa 2020. Aliyekuwa ameizoea kabla ya hapo ilibidi ajifunze upya.

Njia ya kutegua kitendawili hiki ni nyepesi. Unapofungua programu ngeni, usiulize mtu. Chora tao dogo kutoka 0 hadi 30 na utazame limeangukia wapi kwenye uso wa saa. Kati ya tarakimu moja na nyingine kuna digrii 30 kamili. Tao likiwa kati ya 3 na 2, programu hiyo inafuata wanahisabati. Likiwa kati ya 3 na 4, sifuri iko kulia lakini mzunguko unafuata saa. Likiwa kati ya 12 na 1, inafuata mabaharia.

Pengine utauliza, mbona nisitumie 0 hadi 90? Kwa sababu robo ya juu kulia hutokea kwa mwanahisabati na pia kwa baharia. Utaona tao liko hapo na bado usijue ni nani kati ya hao wawili aliyelichora.

Geti la mita tatu

Sasa tufanye kazi ya kweli. Tuseme baba mwenye nyumba anataka geti lenye upana wa mita 3, na juu yake tao linaloinuka nusu mita pale katikati. Wewe mwanafunzi wa chuo cha ufundi umepewa kazi ya kulichora.

Kwanza tafuta nusu kipenyo. Zidisha upana kwa wenyewe: 3 mara 3 ni 9. Zidisha mwinuko kwa nane: 0.5 mara 8 ni 4. Gawanya 9 kwa 4 upate 2.25. Ongeza nusu ya mwinuko, yaani 0.25. Jumla ni 2.5. Basi nusu kipenyo cha tao lako ni mita 2.5, na kitovu chake kiko mita 2 chini ya mstari unaounganisha miguu miwili ya tao.

Pili, tafuta pembe. Kutoka katikati ya geti hadi ukingoni ni mita 1.5. Gawanya 1.5 kwa 2.5, jibu ni 0.6. Muulize kikokotoo chako ni pembe ipi ambayo saini yake ni 0.6, naye atajibu digrii 36.87. Hiyo ni pembe ya upande mmoja kutoka kwenye mstari wa wima. Pande zote mbili kwa pamoja ni 73.74.

Katika mpango wa wanahisabati juu ni 90. Kwa hivyo tao litaanzia 90 kutoa 36.87, yaani 53.13, na kuishia 90 kuongeza 36.87, yaani 126.87. Urefu wa tao lenyewe ni mita 3.22. Paipu za chuma kwa kawaida huuzwa zikiwa na urefu wa mita 6, hivyo moja inatosha na kipande kinabaki.

Angalia sasa balaa inavyoingia. Ukiiambia programu ianzie 126.87 na kuishia 53.13, haitakwambia umekosea. Itatii. Itazunguka kinyume cha saa ikipitia kushoto, chini na kulia, hadi ifike ulikoitaka isimame. Tao litakuwa la digrii 286.26 na urefu wake utapita mita 12.4. Anayekadiria chuma kwa kutegemea namba hiyo ataagiza paipu tatu mahali palipohitaji moja. Mwenye nyumba atatoa pesa za karo kununua chuma kisichohitajika.

Na je, programu ikiwa ni ya kushuka chini? Hapo juu si 90 tena, bali ni 270. Tao lile lile litaanzia 233.13 na kuishia 306.87. Ukijaza zile namba za kwanza, tao litaning'inia chini kama bakuli badala ya kuinuka kama mgongo wa ngamia.

Mwisho si upana

Mtego mwingine umejificha katika maneno. Programu nyingine huuliza pembe ya kuanzia na pembe ya kumalizia. Nyingine huuliza pembe ya kuanzia na upana wa pembe, yaani penseli izunguke kiasi gani. AutoCAD inakuruhusu kuchagua njia mojawapo kati ya hizi na nyinginezo, na ndiyo maana ni muhimu kusoma swali kabla ya kujibu.

Kwa geti letu, pembe ya kumalizia ni 126.87 ilhali upana ni 73.74. Ukijaza 126.87 pale panapotakiwa upana, tao litatembea hadi digrii 180. Mguu wa kushoto utatua mita nzima nje ya mahali pake na mita mbili chini. Ni kama kumwambia dereva wa matatu "nishushe kilomita ya 20" naye akasikia "nipeleke kilomita 20 kutoka hapa." Nyote mmesema ishirini, lakini utashukia kusikokuwa kwako.

Ukitaka kuzunguka kufuata saa katika AutoCAD, jaza upana wenye alama ya kutoa. Lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe, iliyotoka mwaka wa 1984 kwa ajili ya mashine za kuchapisha, ilichagua njia nyingine. Iliweka amri mbili tofauti, moja ya kuzunguka kinyume cha saa na nyingine ya kuzunguka na saa, ili kusiwe na kubahatisha.

Digrii na radiani

Wanafunzi wanaojifunza kuandika programu watakutana na kipimo kingine, radiani. Chukua uzi wenye urefu sawa na nusu kipenyo, uulaze juu ya mzingo wa duara. Pembe inayofunikwa na uzi huo ni radiani moja, karibu digrii 57.3. Duara zima ni radiani 6.28 hivi, yaani pai mara mbili.

Lugha ya JavaScript, inayochora picha katika kurasa za intaneti, hudai radiani. Ukiiandikia 53.13 na 126.87 ukifikiria digrii, itaona tofauti ya zaidi ya mizunguko 11, na itakuchorea duara zima. Dawa ni kuzidisha digrii kwa pai kisha kugawanya kwa 180. Hata kikokotoo chako kina tabia hiyo. Kikiwa kimewekwa RAD, ile 0.6 yetu itatoa 0.6435 badala ya 36.87. Tazama herufi ndogo zilizo juu ya kioo chake kabla hujalaumu mwalimu.

Pointi mbili, matao manne

Ziko pia programu zisizouliza pembe kabisa. Muundo wa picha uitwao SVG, uliotangazwa rasmi mwaka wa 2001, hutaka ujue tao linatoka wapi, linafika wapi, na nusu kipenyo ni ngapi. Utadhani hilo limemaliza mambo, lakini sivyo.

Weka nukta mbili kwenye karatasi, umbali wa sentimita 3. Tanua bikari sentimita 2.5. Utagundua kwamba maduara mawili yanaweza kupita katika nukta zote mbili, moja kitovu chake kiko juu na jingine chini. Kila duara lina njia mbili za kutoka nukta hadi nukta, njia fupi na njia ndefu. Mbili mara mbili ni nne. Ndiyo sababu SVG huongeza maswali mawili yanayojibiwa kwa 0 au 1: je, unataka tao refu? Je, uzunguke kwa upande ambao pembe zinaongezeka? Asiyejua maana ya namba hizi hubadilisha ovyo hadi abahatishe. Anayejua hujaza mara moja.

Duara likigeuka yai

Kabla hatujaagana, liko jambo moja la kuangalia. Ukilibonyeza duara likawa na umbo la yai, pembe zake hubonyea pamoja nalo. Chukua umbo lenye upana wa sentimita 4 na kimo cha sentimita 2. Katika programu nyingi, ukisema tao liishie 45, zitaitafuta 45 kwenye duara ambalo halijabonyezwa, halafu zilibonyeze. Ukiweka kipimapembe juu ya mchoro utasoma digrii 26.57 tu. Mchoro haujakosewa, ila usiutarajie ukubaliane na kipimapembe.

Halikadhalika, tofautisha tao na kipande. Inkscape itakuchorea tao tupu, au kipande kama cha chapati iliyokatwa kutoka katikati, au upinde uliofungwa kwa uzi wake. Katika programu hiyo, ukivuta kile kidude cha mviringo kilicho upande wa kulia wa duara huku mshale wa kipanya ukiwa nje ya duara, unapata kipande cha chapati. Ukiuweka mshale ndani ya duara, unapata tao.

Fanya hivi kabla ya kuchapisha

Mwanafunzi, jiwekee desturi ya mambo matatu. Kwanza, fanya jaribio la 0 hadi 30 ili ujue sifuri iko wapi na mzunguko unaelekea upande gani. Pili, soma kama unaulizwa mwisho au upana, na kama ni digrii au radiani. Tatu, mchoro ukikamilika, iambie programu ikupimie urefu wa tao kisha ulinganishe na hesabu yako ya mkono. Geti la mita 3 haliwezi kuhitaji tao la mita 12, na jicho lako litaliona kosa kabla ya msumeno.

Mzazi, nawe una nafasi yako. Huhitaji kujua kompyuta. Mwekee mtoto bikari, rula na kipimapembe mezani, na umwombe achore tao la dirisha kwa mkono kabla hajaligusa kibodi. Akishaelewa kitovu na mzunguko kwenye karatasi, programu yoyote atakayokutana nayo itakuwa ni kubadilisha tu mahali pa sifuri. Na ukimpa kijana kazi ya kuchora geti lako, mtake akuonyeshe hesabu pamoja na picha. Picha nzuri inaweza kudanganya, lakini namba nne za tao zikikaguliwa haziwezi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Katika kazi ya matao mjukuu huyo huja na risiti ya duka la chuma mkononi. Ni afadhali umalize naye mapema, ukiwa bado na penseli na ufutio.